Shujaa wa Pekee wa Chidwell

“Lifuteni hilo jina!” Jamaa mwenye ndevu alipiga meza, vikombe vya chai vikaruka. “Enock Pardew hajafa!”

“Punguza sauti, bwana,” alisema Tuckett, mwenye baa na mwenyekiti wa kamati ya mnara wa mashujaa wa vita. “Jiwe limeshachongwa. Jiwe si ubao wa shule.”

Walikuwa jikoni kwa Mama Enock: yeye na nguo zake nyeusi, Tuckett, kasisi, na huyo jamaa aliyeshuka treni ya mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Mbwa wa nyumba, ambaye humng'ata hata kasisi, alikuwa amejilaza juu ya buti za jamaa.

Sasa elewa shida ya Chidwell. Ni kijiji cha bata. Kina bwawa, kanisa na baa, basi. Vita vya Mjerumani vilipoisha, Uingereza yote ikashikwa na homa ya kujenga minara ya mashujaa. Marling, hapo ng'ambo ya mto, walikufa tisa, wakasimamisha mnara wenye malaika. Chidwell je? Utamjengea nani mnara wakati kila mtu yupo baa anakunywa? Vijana wote walirudi wazima, kasoro Enock. Miaka mitatu kimya, hata kadi hakuna, wakamhesabu marehemu. Enock ndiye aliyewatoa aibu.

“Alibaki Ufaransa,” jamaa akasema. “Alipata mjane mwenye ng'ombe. Mjane kamtimua. Sasa anataka kukaa kwao, afanye kazi, alale kitandani kwake.”

“Kitandani?” Tuckett akaruka. “Kile chumba chake cha kumbukumbu watu wanapanga foleni kukiona! Mshumaa, kofia, kila kitu!”

“Mjane!” kasisi akaguna. “Na mimi nimeshaandika mahubiri, eti alikufa akimwokoa kamanda wake.”

“Kamanda gani? Enock alikuwa anamenya viazi!”

“Jumapili anakuja askofu kuuzindua mnara,” Tuckett akasema. “Na bendi. Marling wote watakuwepo. Tuwaambie nini? Shujaa wetu alikuwa anakamua maziwa?”

“Waambieni ukweli.”

“Ukweli! Wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunachekwa?”

Jamaa akamgeukia mwenye nyumba. “Sema basi, mama. Si wewe uliyemzaa?”

Mama Enock alikuwa anashona utepe mweusi kwenye kofia ya Jumapili. Tangu mwanawe aitwe shujaa, anakaa kiti cha mbele kanisani, bega kwa bega na mke wa tajiri mwenye mashamba, ambaye zamani hakujua hata jina lake.

“Jiwe lenyewe,” akasema polepole, “limependeza sana.”

Jamaa akachomoa miguu chini ya mbwa, akabeba begi lake, akafungua mlango. Upepo ukaingia.

“Funga taratibu, Enock mwanangu,” mama akasema, macho yakiwa kwenye sindano. “Majirani wasije wakakuona.”

Akatoka, akafunga.