Azimio Lisilo na Meno

Helena alipotokea mlangoni, mwenyekiti wa baraza la madiwani alisimama, akakigeuza kiti chake, akaketi akitazama ukuta.

Diwani Bura wa Bashay, ambaye ndiye aliyemleta Helena kama shahidi, aliinuka nusu kitini. Tangu masika yaishe alikuwa hana usingizi wa raha. Alizunguka kwa madiwani wenzake, huku kwa kikombe cha chai, kule kwa kibuyu cha pombe, akiwabembeleza waunge mkono azimio lake. Kwa hesabu yake baraza lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, na kura ya kuamua ingebaki kwa mwenyekiti. Sasa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Gidamowsa, alikuwa amewapa mgongo.

"Mtoeni huyo mama mlangoni," mzee aliuambia ukuta. "Siwezi kuendesha kikao naye akiwa pale."

Helena hakungoja kutolewa. Alikwishajifunika uso kwa shuka na kurudi nyuma hadi uani, kama aliyekanyaga siafu.

Tumekwisha, Bura alijisemea.

Kisa chenyewe kilianza mavuno yaliyopita, kule tambarare za Hanang. Wakubwa wa shamba la ngano la serikali walilalamika kwamba wafugaji wanapitisha ng'ombe shambani, na haukupita muda wakaja maofisa wa uhamiaji kutafuta wageni wasio na vibali. Wageni wa kweli, Wazungu wataalamu wa ngano, walipita na Land Rover yao wakapunga mkono. Ofisa mkubwa akawapigia saluti. Kisha akamsimamisha Helena, aliyekuwa akipeleka maziwa kwenye kambi ya wafanyakazi.

"Mume wako yuko wapi?"

"Machungani."

"Baba yake anaitwa nani?"

Helena akatazama chini. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata umchape fimbo. Ni heshima ambayo binti hufundishwa kabla hajajua kukamua. Ofisa hakuwa na habari hiyo, wala hakuuliza.

"Mke asiyemjua mkwewe! Huyu kavuka mpaka."

Akamweka mahabusu. Alikaa humo mpaka Philomena, mke wa Bura na mteja wake wa maziwa, alipokwenda kumwapia kwamba ni mtu wa hapahapa. Wakamwachia kwa onyo: wakimkuta tena, atapakiwa kwenye lori na kupelekwa mpakani, mtoto mchanga abaki na nani shauri yake. Na sasa ngano ilikuwa inaiva tena, na njia ya maziwa ni ileile moja.

Ndiyo maana Bura alileta azimio. Lilisema baraza linasikitishwa, na kwamba ofisa yeyote anayemkamata mwananchi aje aeleze sababu mbele ya madiwani. Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha kuja.

"Halina meno," alisema Diwani Patriki wa Endagikot, mtu wa maneno mengi. "Uhamiaji wana wizara yao. Sisi tuna majosho yetu. Hii ni sawa na kuikemea mvua."

"Hata kibogoyo akifoka, mwizi hushtuka," Bura alijibu.

Watu wakacheka, na baadhi yao wakatikisa vichwa kukubali. Patriki hakupenda. Akainuka tena, akavuta koti lake likae sawa.

"Haya, tusibishane. Aitwe huyo mama alitaje hilo jina la mkwewe hapa, tujue moja. Akilitaja, na mimi nanyoosha mkono."

Bura alijaribu kupinga, lakini tarishi alikuwa amekwishatoka. Alirudi akijikuna kichwa.

"Anasema afadhali lori."

Ukumbi ukaangua kicheko. Waliokuwa upande wa Bura nao walicheka, na hilo lilimuuma zaidi. Mtu pekee ambaye hakucheka ni Mzee Gidamowsa. Alikuwa amekirudisha kiti chake mahali pake, akaigonga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Hapa si kilabuni! Pigeni kura."

Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikahesabiwa tena. Nusu kwa nusu, kama Bura alivyotabiri. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti, isipokuwa ya Bura. Yeye alikuwa anakusanya karatasi zake, akitafuta maneno ya kwenda kumwambia Philomena. Mzee aliyekataa hata kumtazama yule mama angempa kura ya nini?

"Mwenyekiti anaunga mkono azimio," alisema Mzee Gidamowsa. "Na huyo ofisa akija hapa, swali la kwanza ni langu."

Bura hakungoja hata kumtazama Patriki. Alitoka mbio hadi nyuma ya ukumbi, alikokuwa Helena amechuchumaa na kibuyu chake cha maziwa.

"Limepita! Mwenyekiti ametuokoa!" Alimshika mkono amwinue. "Twende ndani ukamshukuru. Wala usiogope, si mkali kama anavyoonekana. Sema tu, shikamoo Mzee Gidamowsa, asante. Inatosha."

Helena alijitoa mkononi mwake, akalivuta shuka mpaka machoni.

"Shemeji Bura," alinong'ona, "hilo jina ningeweza kulitamka, nisingelala mahabusu."