Bangili ya Mzee Mgaya

Kila msemaji wa wagonjwa huvaa bangili za watu wake, ili maumivu yao yapite mwilini mwake na daktari ayasikie kutoka kinywani mwake tu. Eshe alikuwa na bangili tatu, na alipofika nyumbani alasiri hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu.

Mumewe, Kibwana, alimletea chai, kisha akaanza kumvua bangili kama kawaida yao. Ya kwanza ilipotoka, goti liliacha kuuma. Ya pili, kiuno kikalegea. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Mgaya, yule wa kifua. Kwa wiki mbili Eshe alikuwa akimweleza daktari kichomi kile chini ya titi la kushoto, hadi mzee akapangiwa upasuaji kesho asubuhi. Mwenyewe alikuwa akinung'unika, "Mwanangu, mimi kifua hakinisumbui," naye Eshe akimjibu kwamba wazee wana tabia ya kuficha. Neno la mgonjwa haliandikwi popote.

Kibwana aliivua, akaiweka mezani pamoja na zile nyingine.

Eshe alivuta pumzi. Kichomi kilikuwa palepale.

"Umepata nafuu, mke wangu?"

Eshe aliitazama bangili ya mzee pale mezani. Foleni ya kupata msemaji ilikuwa ya miezi minne, hata kwa wasemaji wenyewe.

"Nivishe tena ile ya mzee," alisema, akinyoosha mkono. "Nitalala nayo. Nikiwa nayo, daktari ananisikia."