Kadi Nyuma ya Vikombe

Siku ya tatu sasa Mishi, mtoto asiyesema, anagonga kioo cha kabati, na uji hataki. Mama yake haelewi. Alimtolea kikombe cha wageni, Mishi akakisukuma. Alimtolea sahani ya maua, akalia.

Mwalimu wake alipokuja kumjulia hali, aliuliza, "Mama Mishi, zile kadi za picha nilizokupa ziko wapi?"

"Nimezitunza nyuma ya vikombe, mwalimu. Vitu vizuri vile, visichafuke."

"Hebu mpe."

Mishi alizipekua haraka, akachomoa picha ya jino, akamkandamizia mama kiganjani.

"Tangu lini?" mama aliuliza, asijue anamuuliza nani.

Mishi alikuwa ameshainama tena, akitafuta kadi nyingine.