Kipimo cha Alfajiri

Bi Mwanaidi alikuwa bado anachambua mchicha kibarazani alipokumbuka kwamba hajapima presha, na saa nne ilikuwa imeshapita. Sharti la kuachwa aishi peke yake lilikuwa hilo tu: kila siku kabla ya saa tatu avae mkanda wa kipimo mkononi, abonyeze kitufe, na mashine yenyewe impelekee namba binti yake, Saumu, kwenye simu, huko mji wa mbali anakofanya kazi. Akikosa siku moja tu, Saumu atakuja kumhamisha.

Simu ikalia. Akaipokea huku akitafuta uongo.

"Shikamoo mama. Leo umenifurahisha," alisema Saumu. "Mia ishirini kwa themanini! Ila mbona umepima alfajiri yote ile?"

Alfajiri alikuwa amelala fofofo. Aliyezoea kuamka saa hizo ni marehemu mumewe, Mzee Kheri, na arobaini yake ilisomwa wiki iliyopita.

"Marahaba. Usingizi uliniruka, mwanangu," akasema, maana akisema jingine atahamishwa kesho.

Akaingia chumbani. Jana mkanda aliutupa kitandani, kama kawaida yake. Sasa ulikuwa juu ya meza, umeviringishwa ukakazwa, mpira wake umechomekwa ndani, vilevile alivyokuwa akiuviringisha Mzee Kheri kila alipomaliza kumpima.

Bi Mwanaidi alivuta kiti taratibu, akaketi. Akapandisha mkono wa gauni, akaunyoosha mkono wake mezani, akafumba macho, akangoja kufungwa mkanda.