Salamu za Baba

Kwa mujibu wa makaratasi, babu yake fundi cherehani hakuzaliwa, hakuoa, wala hakufa. Jina lake lilionekana mahali pamoja tu, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama yake fundi. Baada ya hapo, kimya.

"Watu wengine hukosa cheti cha kufa," alisema mtunza kumbukumbu, akirudisha faili jingine kwenye rafu. "Wako hana hata cha kuzaliwa. Una hakika dada, huyu si jini?"

Fundi alicheka kwa adabu tu. Moyoni hakukuwa na cheko. Nyumbani mama yake alikuwa kitandani, miguu imevimba, na daktari alikwisha kusema sasa wamwache apumzike. Mama hakutaka chakula wala wageni. Alitaka jambo moja: ajue baba yake aliwaacha kwa ajili ya nani.

"Nikimjua nitamsamehe," alisema. "Nitamsameheje mtu nisiyemjua?"

Na kweli hakumjua. Utoto wake wote aliambiwa baba yuko machimboni, anapasua mawe na kulala hukohuko. Bibi yake fundi alimwacha mtoto kwa jirani alfajiri, akaenda kufulia watu nguo, na jioni, kabla ya kurudi, alipita machimboni kumpelekea mumewe chakula. Ndivyo alivyosema. Aliingia ndani na vumbi mpaka kwenye kope, akamgusa mtoto shavuni kwa kidole gumba, kile chenye kovu la kisu lililogawanyika kama njia panda, akamwambia, "Baba yako kakusalimu." Mtoto alikwenda kulala na salamu yake shavuni. Fundi mwenyewe alilijua kovu hilo. Lilimkwaruza kila bibi alipomnawisha uso.

Kisha machimbo yakafungwa, na salamu zikakoma. Baba kaenda zake, bibi alisema, na hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini.

Mama alikua na kinyongo. Alimlaani baba, na ukweli usemwe, bibi naye hakusalimika: mwanamke gani huyo, mume anaondoka naye anamtazama tu? Walikaa nyumba moja miaka na miaka, wakiulizana hali na kuishia hapo. Siku ya mazishi watu walinong'ona, maana mama alimzika mama yake bila hata chozi.

Basi fundi akatafuta. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mtunza kumbukumbu, alipoona dada huyu haondoki, akakumbuka kwamba makaratasi ya machimbo yalitupwa kwenye maboksi katika ghala la nyuma, ingawa panya walikwisha kutangulia kuyasoma. Alimwelekeza pia kwa mzee mmoja aliyepasua mawe huko ujanani, ambaye sasa alikuwa akishinda barazani kwake akipigana na kikohozi.

Fundi alipotaja jina la babu, mzee hakuhitaji kukumbushwa mara mbili. Ah, yule! Walimwita Bubu, kwa sababu hakusema; alionyesha kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, basi. Kofia mpaka kwenye nyusi. Mwili mdogo, lakini nyundo aliijua. Hakunywa nao, hakuoga nao, hata jua liwake vipi hakuvua shati. Fundi akamuuliza kama Bubu alikuwa akilala palepale machimboni. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nani alale na mawe, mwanangu? Filimbi ya jioni ikilia, yeye wa kwanza kutoka, mbio. Sisi tulijua ana kimada. Mwanamume hakimbii vile kwa mke wa ndoa."

Fundi alirudi nyumbani na neno hilo. Mama alimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, akashika cherehani na kushona mkono wa gauni upande usio wake. Atamwambiaje mtu anayekufa kwamba baba yake alikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani, na kila jioni alikimbilia mlango mwingine?

Kesho yake alirudi ghalani. Kama mwanamke huyo yupo, na awe na jina. Alipangua maboksi mpaka pua ikajaa vumbi, na chini kabisa akaikuta karatasi ya kuajiriwa kwa babu, jina lilelile la kwenye cheti. Pa kuandika mke au ndugu palikuwa patupu. Bubu hakujua kuandika, kwa hiyo chini walimpaka wino, akagandamiza kidole gumba.

Fundi aliiinamia karatasi ile kwa muda mrefu. Mtunza kumbukumbu akamuuliza, vipi, amepata? Alitoa simu, akaipiga picha alama ya kidole, akairudisha karatasi ndani ya boksi taratibu, kwa mikono miwili.

Mama alikuwa macho.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Alikuwa na nani?"

Fundi aliogopa sauti yake mwenyewe. Alikaa kitandani, akaikuza picha mpaka ikajaa kioo chote, akaisogeza karibu na macho ya mama. Katikati ya wino mweusi mstari mweupe ulipanda, ukafika juu, ukagawanyika kama njia panda.

Mama alitazama. Aliichukua simu, akailaza shavuni, akafumba macho.

"Mama," aliiambia picha, na machozi yakamtoka. "Kumbe ni wewe."