Pembe za Ngedere

Siku zile wanyama wote walipokunywa maji ya mto mmoja, Ngedere na Nungunungu walikua pamoja. Kila jioni Ngedere alichambua majani yaliyonasa kwenye miiba ya mwenzake, taratibu, asimuumize.

Kisha Kiboko akautwaa ukingo wenye mapera. Ngedere alidai miti yao irudishwe, akatupa mawe nyumbani kwa Kiboko, akatoroka. Nungunungu, fundi wa kuchora, akapewa na Kiboko ukuta wa baraza amchore adui huyo. Kwa mwiba na masizi alimchora Ngedere ana pembe, meno kama mapanga, na mtoto wa swala mdomoni. Kila picha ilimpatia mihogo ya kushiba.

Siku moja askari Fisi alimleta Ngedere amefungwa kamba.

"Ndiye huyu?" Kiboko akauliza. "Akiwa ndiye, namkanyaga leo hii."

Fisi akatazama ukuta, akamtazama mfungwa aliyekonda. "Mzee, mbona huyu hana pembe?"

"Mchoraji aseme!"

Nungunungu alimwona Ngedere akiitazama miiba yake, iliyojaa majani makavu ya miaka mingi. Hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kuigusa.

"Mzee, mtu wako ni yule mwenye pembe," alisema. "Huyu ni mla mapera tu."

"Mnanipotezea wakati! Mfungueni!"

Nungunungu alimsindikiza hadi langoni, ambako hakuna aliyewaona. Ngedere akamgeukia. Alinyoosha kidole, akachambua jani moja, taratibu, asimuumize, kisha akaenda zake.