Skana Isiyoonekana

Kitanda kililia kwii gizani. Mtoto alikuwa bado macho. Mama yake aliinamia kompyuta. Kesho mwalimu wa masomo ya jioni angemkagua: programu iliyo ndani ya kontena, kile chumba cha programu kilichotengwa ndani ya kompyuta, isome skana, la sivyo kazi hiyo apewe mwanafunzi mwingine.

Skana imechomekwa, kitaa chake kinamkonyeza. Kompyuta yenyewe inaiona. Kontena haioni kitu. Mara saba ameiwasha humo ndani huduma ya kutafuta vifaa, mara saba imegoma.

“Mama, nimejifunika gubigubi, ndani huku giza.”

“Si uwashe tochi, baba?” alijibu, kidole juu ya kitufe, aiwashe mara ya nane.

“Tochi unayo wewe huko nje, nipitishie.”

Mama aliondoa kidole kwenye kitufe, akatoka nje ya kontena, akaandika amri ya kuipitisha skana ndani.